Siku Nahodha Alipoitwa Matege

Daud Korane alikuwa mtunza stoo wa Chuo cha Mifugo, nje kidogo ya mji wa Garissa, na kwa siku sita za wiki hakuna aliyekuwa na sababu ya kumsikiliza. Alitoa majembe, akapokea majembe. Siku ya saba, Jumamosi, alipanda juu ya pipa lililopinduliwa kando ya uwanja wa mpira, akainua kipaza sauti cha mkono ambacho serikali ilikinunua kwa ajili ya tahadhari za moto, na mji ukanyamaza kumsikiliza. Moto haukuwahi kutokea.

Mjini hakuna aliyemwita Daud. Aliitwa Langare, yaani kiguru, kwa kuwa ngamia alimvunja mguu wa kushoto akiwa na miaka sita na mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe. Halikuwa tusi. Huku kwetu akina Mohamed Abdi ni wengi kuliko mbuzi, na mtu asiye na jina la pili, la kutaja alichopewa na Mungu au alichopokonywa, ni mtu ambaye bado hajafahamika. Kuna Gaab, yaani mfupi. Kuna Bidaar, yaani kipara, ambaye alikipata kipara akiwa kidato cha tatu na akakipokea kama cheo.

Hao wawili walichezea chuo mwaka wa tisini na moja, na ni kwa ajili yao watu walijaa hadi kwenye paa la zizi.

"Gaab ameupata," Langare alikuwa akisema, bila haraka, kama mtu anayetoa habari za safari. "Gaab, mtoto wa Sahara muuza maziwa. Anamtoka mtu. Anampa Bidaar. Bidaar, jua linamchoma kichwani, anaurudisha. Gaab ameanguka. Sahara, mama, usiingie uwanjani, mtoto ni mzima. Nimesema usiingie."

Sahara aliingia. Nusu ya watazamaji hawakujua kuotea ni nini, wala hawakuuliza. Walikuja kumwangalia mtoto wa fulani, na kumsikia fulani akitajwa.

Kisha wizara ikaanza kupeleka wanafunzi kutoka nchi nzima, jambo jema lililosifiwa katika hotuba tatu. Kufikia Juni ya mwaka wa tisini na sita, kikosi chote kilikuwa cha vijana waliotoka Kenya, kama tunavyosema huku, kana kwamba Kenya inaanzia ng'ambo ya daraja la Tana. Walicheza vizuri kuliko Gaab. Mwalimu wa michezo alimpa Langare orodha iliyopigwa taipu, kila mchezaji na namba yake na majina yake matatu, akamwamuru asome hayo tu. Aliyasoma kama mtu anayetangaza waliofeli mtihani.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo watazamaji walikuwa kumi na tisa. Saba walifuata kivuli cha stoo. Mmoja alikuwa akitafuta mbuzi, na mbuzi alipoonekana, wakaondoka wote wawili.

Jumatatu mkuu wa chuo, mtu mpole wa bara aliyependa karatasi, alimwita ofisini na kumwonyesha barua. Wizara ilitaka kujua kwa nini idumishe timu ambayo haitazamwi. Mechi ya mwisho ya nyumbani ilikuwa wiki mbili mbele. Mkaguzi atakuja. Akikuta uwanja mtupu, mpira wa miguu utafutwa, na vijana watacheza vishale ukumbini.

"Na kipaza sauti?" Langare aliuliza.

"Vishale havihitaji kutangazwa, Bwana Daud."

Langare alikuwa na miaka arobaini na sita, mke, mguu mmoja na nusu, na saa mbili za kusikilizwa kila wiki. Alikwishajua ni kipi kati ya hivyo kisichoweza kupatikana tena.

Alikwenda kuuliza watu sababu, kwa kuwa mkuu alitaka sababu kwa maandishi. Sokoni alimkuta Nunow, dalali wa ngamia, ambaye zamani alikuwa akiacha biashara katikati ili awahi mechi.

"Nije kuangalia nani?" Nunow alisema. "Wewe mwenyewe unasema namba saba amempa namba nne. Waryaa Langare, mimi nikitaka kuangalia kitu yenye namba, iko ng'ombe ya serikali hapa, imechomwa namba kwa paja. Na hiyo angalau inauzwa."

"Ni vijana wazuri. Wanacheza."

"Sijakataa. Lakini ni nani?"

Huko mtaa wa Iftin mambo yalikuwa mabaya zaidi. Barre, aliyewahi kuwa mshika kibendera, alikuwa ameweka dishi kubwa juu ya nyumba yake na kutandika mikeka. Watu walilala kwa ubavu wakinywa chai na kutazama mpira wa Wataliano. Tena Barre alisimamisha chai, si picha, wakati wa sala ya alasiri, na waliokwenda kuswali walirudi. Uwanja wa chuo haukuwa na mkeka wa kurudia.

"Nyinyi hamjui hata lugha yao," Langare alisema.

"Hatujui," Barre alikubali. "Lakini yule pale ni Fuko, kwa sababu hana shingo. Yule ni Bibi. Yule mwenye nywele tunamwita Mnada, kila mwaka anauzwa. Kaa, adeer. Nikuletee chai?"

Langare hakukaa. Alirudi nyumbani akichechemea kwa kasi ambayo majirani hawakuwa wameiona tangu mazishi ya baba yake, akamwambia mkewe kwamba sababu ameipata. Wataliano walikuwa na majina. Vijana wa chuo hawakuwa nayo. Watu wasingeweza kumpenda mtu ambaye hawakujua wamwiteje.

Mkewe, Ugbad, aliuza chapati mbele ya lango la chuo na aliwaona wanafunzi kila asubuhi. "Basi wape," alisema. "Yule kipa, yule wa masikio?"

"Masikio," Langare alisema, akaandika.

Kwa mkuu wa chuo aliomba ruhusa ya kutumia majina yanayofahamika na umma. Mkuu aliona neno umma, akatia sahihi.

Kwa wiki nzima Langare alikaa kwenye pipa lake jioni na kuwachunguza vijana wakifanya mazoezi, kwa upendo ambao hakuna mwalimu wao aliyewahi kuwaonyesha. Hakutoa jina kwa pupa. Beki mmoja alihitaji siku tatu kabla ya kuonekana kwamba ana mapengo. Nahodha, kijana wa Kitui mwenye bidii na sauti ndogo, alikuwa mgumu, kwani darasani na mjini hakuvua suruali pana kamwe. Ni uwanjani tu, akiwa na kaptura, ndipo miguu yake ilipoonekana ikipinda nje kama upinde, na mbuzi mdogo angepita katikati bila kuinama. Langare alifurahi kama mtu aliyepata maji. Kisha, kwa kuwa vijana hawakujua Kisomali na hakutaka wajihisi wanasengenywa, alifanya adabu ya mwisho: akayatafsiri majina yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, ili kila mmoja alisikie lake na alielewe.

Siku ya mechi alizunguka soko kwa gari la punda tangu asubuhi. "Leo utawajua," alitangaza. "Yupo Masikio, asiyepitwa na habari wala mpira. Yupo Mapengo. Yupo Matege, nahodha. Njoo umwone Matege."

Walikuja mia nne na zaidi. Nunow alifunga biashara. Sahara alikuja na kibuyu, mwanawe akiwa amekwisha kuajiriwa Wajir. Hata Barre alikuja, akasimama nyuma kama mtu aliyekuja kuchungulia duka la mshindani. Mkaguzi aliketi kwenye kiti cha ofisi chini ya mwavuli, akaandika jambo, akalipigia mstari.

Kwa dakika thelathini na tano ilikuwa kama zamani.

"Masikio ameudaka. Alhamdulillahi, aliusikia ukija. Anampa Mapengo. Mapengo anacheka, msimcheke, yeye anacheka kwa nafasi. Anampa Matege. Mpira umepita chini ya Matege, hapana lawama, pale ingepita hata lori."

"Matege! Matege!" watu waliitikia, mia nne kwa pamoja, wakipiga makofi. Mzee mmoja alimwombea dua. Kwa mara ya kwanza tangu avuke daraja, kijana yule alikuwa na mji mzima upande wake.

Alisimama. Akaushika mpira kwa mikono, katikati ya uwanja, refa akapiga filimbi bila kuelewa kosa ni la nani. Akatembea polepole hadi kwenye pipa, magoti yakiwa mbali mbali, na watu wakamshangilia kila hatua.

"Mzee, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea," Langare alisema, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, mji wote ulisikia. "Wanakupenda. Wasikilize."

"Miaka ishirini na mbili nimevaa suruali," kijana alisema. Akauweka mpira juu ya pipa, kando ya mguu mbovu wa Langare, akaondoka. Kipa akavua glovu. Wengine wakafuata, Mapengo akiwa amefunga mdomo.

Wakati huohuo adhana ya alasiri ikasikika kutoka mjini. Watazamaji wakadhani mchezo umesimama kwa heshima ya sala, wakausifu uongozi wa chuo kwa mara ya kwanza, wakaenda kuswali. Waliporudi walikuta pipa, mpira, na mkaguzi akikunja mwavuli.

Jioni Langare alifanya kile ambacho mtu wa huku hufanya akimjeruhi mwenzake. Alichukua wazee wawili na mbuzi mmoja wa maziwa, akaenda bwenini. Nahodha alitoka akiwa amevaa suruali yake.

"Mimi wananiita Kiguru tangu nikiwa na miaka sita," Langare alisema. "Mbele ya mke wangu. Mbele ya kadhi. Si kitu."

"Na hukuwahi kuumia?"

Langare alimtazama mbuzi. Wazee walimtazama Langare, kwani swali lilikuwa limeulizwa na lilihitaji jibu.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema mwishowe.

Kijana alikataa mbuzi kwa heshima, kwa kuwa bweni halikuruhusu wanyama. Wazee walirudi naye mjini. Barabarani mmoja wao alianza, "Langare," kisha akakohoa, akasema, "Daud," na hilo ndilo lililomchoma.

Ripoti ya mkaguzi ilisema kwamba umma upo, ila timu haipo. Mpira ukafutwa. Kipaza sauti kikarudishwa stoo, rafu ya juu, na Daud mwenyewe ndiye aliyetia sahihi ya kukipokea. Mwaka uliofuata mafuriko yalikuja, uwanja ukawa ziwa kwa miezi miwili, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyeutumia. Ubao wa vishale ulitundikwa ukumbini. Nahodha alihitimu akapangiwa kazi Hulugho, kuchanja ng'ombe, na inasemekana wafugaji wa huko walimwita Matege kabla hajashuka kwenye lori. Hakurudi nyuma. Hakukuwa na lori lingine hadi Alhamisi.

Siku moja Ugbad alimwambia mumewe atoke nje, amechoka kumwona akitazama ukuta. Langare akaenda Iftin. Barre alimpa mkeka wa nyuma, chai bila kudai. Wataliano walikuwa wakicheza. Langare alitazama pasi mbili tatu, kisha ulimi ukamponyoka, taratibu, kwa sauti ile ya zamani.

"Fuko ameupata. Fuko anageuka, maskini, mwili mzima, shingo hana..."

Mtu wa mbele, kijana tu, aligeuka. Hakuwa na ubaya.

"Adeer, samahani," alisema. "Hatusikii."

Langare akanyamaza. Kwenye televisheni mtu aliendelea kutangaza kwa Kiitaliano, na nyumba nzima ikamsikiliza.