Saumu Iliyonukia Kashata

Mwaka ule baba alitangaza kwamba nikifunga siku nzima bila ujanja, nitafuturu kwenye mkeka wa wanaume. Mkeka wa watoto nilikuwa nimeuchoka: mihogo ya kugombania na vidole vyenye kamasi. Ila nyumba nzima ilinijua kwa vituko, na Ramadhani iliyopita nilinaswa nyuma ya banda la kuku nikitafuna muwa.

Asubuhi nikajipulizia pafyumu ya mjomba, kaka yake mama, aliyekuja kututembelea mtaani kwetu Viwanja Sitini kutoka kwenye mashamba ya miwa. Chupa nzito, ya jina kubwa la Ulaya. Kila siku alitukumbusha kuwa ile ni ya wanaume wenye heshima zao. Mwanzo ilichoma pua kama ganda la chungwa. Nikaenda shule najiona waziri.

Kufika saa nne, jua la Ifakara na jasho langu vikaipika. Ikageuka karanga za kukaanga, halafu sukari inayoanza kuungua sufuriani. Kashata tupu! Mtu nina njaa ya kufa, na kwapa langu linanukia kashata. Nikanawa bombani, ikazidi. Nikiinama kuandika, shati linanikaribisha chakula.

Na sikula. Naapa hadi leo, sikula kitu.

Jioni, kabla sijakaa, baba akaninusa. "Kashata umekula wapi?"

"Baba, ni pafyumu ya mjomba."

Wazee mkekani wakaangua kicheko. "Pafyumu ya kiume inukie karanga?" mmoja akadakia. "Basi na mimi kesho najipaka mchuzi!"

Nikamgeukia mjomba. Ameketi palepale, ananukia vilevile. Akakohoa kidogo.

"Yangu hainukii hivyo," akasema. "Yangu ni ya kiume."

Mwongo! Mtu mzima, amefunga, tende ziko mbele yake!

"Baba, mnuse basi!"

"Nimnuse shemeji yangu mbele za watu? Adabu umeisahau shuleni? Nenda kwa wenzako."

Mjomba akajitia kuchagua tende, macho chini.

Nikaenda kwa watoto. Mdogo wangu akanusa mkono wangu, akanong'ona, "Kaka, nimegee." Hata huyu!

Adhana ikaita. Nikaamua kususa futari yote, wajute. Nikasusa kidogo. Kisha nikanywa uji, ukawa mtamu ajabu, na hilo nalo likaniudhi.