Kimya cha Upande wa Pili

Nilikuwa na maringo ya sauti, sitaficha. Miaka ile ya tisini nilifundisha darasa la tatu karibu na Mikinduri, na kila Jumapili nilisimama mbele ya kanisa na gitaa la kuazima, nikaimba nyimbo nilizotunga mwenyewe. Watu walilia, nami nilipenda walie. Mtu akinisifu nilijibu kwamba sifa ni za Bwana, kisha nikifika nyumbani nazikumbuka zote, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo nilipomaliza kurekodi kaseti yangu ya kwanza ya kuabudu, nyimbo nane, katika studio moja mjini Embu, nilijiona nimefika. Majalada yalikuwa yamechapwa, na picha yangu nimefunga kitambaa cheupe. Fundi wa studio alisema Ijumaa angeanza kutoa nakala. Kilichobaki kilikuwa sheria ya mchungaji wetu: kaseti ya mshirika haiuzwi kanisani kabla akina mama wazee hawajaisikiliza. Kabla yangu walikuwa wamemrudisha kijana mmoja kwa sababu wimbo wake, walisema, ulimsifu bibi harusi kuliko Bwana.

Walikutana Jumatano baada ya masomo. Walikuwa saba, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Redio iliwekwa kwenye meza ya ushirika. Upande wa kwanza ulipita wakitikisa vichwa kwa ridhaa, na nyimbo mbili za upande wa pili vilevile. Kisha ukaja wimbo wa saba, nami nikasogea mbele kwenye benchi. Huo ndio niliokuwa nikiupenda kuliko yote. Asubuhi moja niliamka nikaukuta kifuani, tuni nzima, bila kujua ulikotoka. Maneno ndiyo niliyatafuta mimi. Nilikuwa nimetoa ushuhuda mbele ya kanisa zima kwamba tuni ile nilipewa na Roho.

Kiitikio kilipoanza, mama mmoja alianza kupiga mguu sakafuni. Hakufuata gitaa langu. Alipiga mpigo mwingine, mzito, ulioingia katikati ya maneno na kuyashika barabara. Halafu mguu ukasimama ghafla, kama aliyekanyaga kaa la moto. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mama yangu alikuwa akiangalia mikono yake. Mwenyekiti wao aliinuka akazima redio.

"Huo utoe," akaniambia. "Hizo zingine ziko sawa."

"Wimbo una makosa gani?"

"Mwalimu, wewe utoe tu."

"Nionyesheni neno moja lililo kinyume na Biblia."

"Maneno hayana shida."

"Basi ni wivu," nikasema.

Nilisema hivyo mbele ya wanawake walionibeba nikiwa mchanga, na mama yangu akisikia. Walifunga leso zao, wakaomba sala fupi, wakatoka.

Nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi mbichi. Sikumsalimia. Nilimwambia kwamba wale wengine ningewaelewa, lakini yeye, mama mzazi, kukaa kimya wakati wimbo niliopewa na Mungu unatupwa kama maganda? Kisu kikasimama.

"Si Mungu aliyekupa," akasema. "Ni mimi."

Nilidhani ananikemea. Akaweka ndizi chini.

"Huo ni wa kuwatoa wasichana mtoni, siku ya kutahiriwa. Wanawake tulikuwa tunauimba kwa nguvu wakati wa kukatwa, kilio kisisikike. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Hata miaka mitatu ulikuwa hujafika."

"Siku ya nani?"

Akamtaja dada yangu, lakini si kwa jina. Alisema tu, "mkubwa wako." Nilijua nilikuwa na dada aliyekufa, niliambiwa ni malaria. Jina lake halikutajwa nyumbani kwetu tangu nipate akili, na hata sisi watoto tulijua kutolitaja.

"Haikuwa malaria," mama akasema. "Damu ilikataa kusimama. Mama ya msichana ndiye anaongoza wimbo, na mimi nilikuwa na sauti, unajua vile nilikuwa na sauti. Baadaye waliniambia aliniita. Mimi sikusikia. Nilikuwa ninaimba."

Alieleza kwamba yeye na wale wenzake sita, walipookoka, waliapa wimbo ule usitoke tena vinywani mwao. Nikamuuliza kama anataka niutoe. Akachukua kisu.

"Kaseti ni yako, mwari wakwa. Mimi wangu nilishauimba."

Mwari wakwa ni binti yangu, na kwa kawaida neno hilo linanilainisha. Siku hiyo lilinichoma. Nilimkasirikia kwa uongo wa miaka yote ile, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia. Na chini ya hasira yote, niseme ukweli, kulikuwa na aibu: nilikuwa nimemsingizia Roho mbele ya watu.

Alhamisi niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nikaenda Embu. Fundi alikuwa tayari ameshapanga kaseti tupu mezani.

"Wimbo wa saba utoe," nikamwambia.

"Mwalimu, hiyo ndio inabeba side B yote."

"Najua."

"Kutoa na kusogeza ile ya mwisho, hiyo ni mashine ya Nairobi. Hapa naweza ku-erase tu. Na ita-leave space, kama dakika nne hivi. Watu watasema tape ni mbovu."

Nilimwomba anisikilizishe kwanza. Alinipa vile vya kuvaa masikioni, akatoka kwenda kunywa chai. Nilikaa peke yangu na ule wimbo, na ulikuwa mzuri. Ningependa kusema ulinichukiza, lakini ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuimba. Nikaanza kujitetea. Nani angejua? Vijana wa Kangeta na Ishiara watakaoununua hawajawahi kuusikia. Wale wanawake ni saba tu, na ni wazee. Mama mwenyewe hakunikataza. Je, Mungu hawezi kutakasa tuni?

Kiitikio kikaja. Nikajikuta nimefumba macho, natega sikio nyuma ya sauti yangu nione kama kuna mtu anaita. Hapakuwa na mtu, bila shaka, ilikuwa studio na gitaa. Lakini sikuweza tena kuusikiliza wimbo. Nilikuwa nasikiliza nyuma yake tu, na sauti yangu mwenyewe ilinizuia.

Fundi aliporudi nikamwambia afute. Nilidhani ni kubonyeza kitufe na kuondoka. Kumbe kanda inafutwa kwa mwendo uleule iliorekodiwa nao. Tulikaa dakika zote nne tukitazama magurudumu yakizunguka, yeye na kikombe chake mkononi.

Majalada hayakuweza kuchapwa upya. Nilichukua rula na kalamu nikakata jina la wimbo wa saba kwenye kila moja. Kaseti ziliuzwa, kisha zikaanza kurudi. "Mwalimu, hii imeharibika, inanyamaza katikati." Nilijibu kwamba haijaharibika, wasubiri kidogo, wimbo wa mwisho unakuja. Wakazoea kuisukuma mbele wakifika pale. Wale akina mama niliwaomba msamaha, mmoja mmoja, nyumbani kwake. Mama hakuniuliza chochote kuhusu Embu, wala mimi sikumwambia.

Jumamosi moja mchana nilirudi na mzigo wa nyasi za ng'ombe nikasikia kaseti yangu ikilia jikoni. Ulikuwa upande wa pili. Wimbo wa sita ukaisha, na nikangoja mama asukume mbele kama watu wote. Hakusukuma. Kanda ikaanza kuvuma ule mvumo wa utupu. Nilisimama nje ya mlango na nyasi zangu kichwani. Ndani, mama aliweka chini ungo wa maharagwe, akamwita dada yangu kwa jina, mara moja, kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula.

Kisha akanyamaza, akasikiliza, mpaka wimbo wa mwisho ulipoanza.