Otso na Pulla, Ndugu wa Tumbo Moja

Ardis Niemela aliendesha basi la shule miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto aliyemwona akipandwa na hasira. Lakini kwa mdogo wake, Gail, alikuwa na kijiba cha roho tangu wakiwa wasichana. Gail ndiye aliyekuwa na sauti nzuri ya kuimba kanisani. Gail ndiye aliyepata mume asiyegusa pombe. Wazazi walipofariki, nyumba ya kando ya ziwa ilimwangukia Gail. Ardis hakuwahi kulalamika. Alimeza tu, akazoea kumeza.

Basi siku dada hawa wawili walipokwenda kwa mfugaji kuchukua watoto wa mbwa, wa rangi ya dhahabu, wa tumbo moja, Ardis alishika mlango wa banda akasema, "Leo mimi nachagua kwanza. Mimi ndiye mkubwa."

"Chagua, mama mkubwa," Gail akamjibu kwa kicheko.

Ardis akanyakua dume nono lililokuwa likiwakanyaga wenzake, akamwita Otso, jina la dubu katika lugha ya babu zao. Gail akabaki na kijike chembamba kilichosukumwa pembeni, akakiita Pulla, kama mkate wa iliki wa bibi yao. Njia nzima ya kurudi Ardis alipiga mluzi.

Waliosema mchagua nazi hupata koroma hawakukosea. Siku ya chanjo, Daktari Lindquist aliweka kipimio kifuani mwa Otso, akakihamisha, akafumba macho, akakirudisha palepale.

"Kuna nini?" Ardis aliuliza.

"Moyo wake una sauti ya ziada. Badala ya kugonga tu, unavuma, kama maji yanayojipenyeza kwenye tundu jembamba. Wengine huzaliwa nayo ikapotea wakikua. Tumpe muda."

"Na wa Gail je?" Swali lilimtoka kabla hajalifikiri.

Daktari alimtazama kidogo. "Hilo muulize Gail."

Hakuuliza. Wala hakumwambia Gail habari ya moyo wa Otso. Majira yote ya kiangazi Gail alipompigia simu waende ziwani wakawafundishe mbwa kuokota bata wanaowindwa, Ardis alisema Otso ameteguka mguu. Kila jioni alikaa sakafuni na saa, akihesabu pumzi za mbwa aliyelala. Kisha alifungua simu akatazama picha za Pulla akiruka kutoka gatini, maji yakitawanyika, masikio juu. Alizitazama zote, halafu akarudia tangu mwanzo. Yule mdhaifu wa pembeni! Yule aliyeachwa!

Otso alipofikisha miezi sita ile sauti ilikuwa imezidi. Ardis akampeleka kwa bingwa wa moyo, safari ya saa mbili. Picha zikaonyesha njia ya damu itokayo moyoni imebana. Atatumia dawa asubuhi na jioni, akaambiwa, atembee taratibu, asikimbizwe wala asifundishwe kuwinda. Anaweza kuishi miaka mingi. Anaweza pia kuanguka ghafla.

"Ugonjwa huu hufuata ukoo," bingwa alisema. "Ana ndugu? Nao wapigwe picha."

Hapo ndipo Ardis alipopata hamu ya kusema. Hakupitia hata kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Gail, Otso akihema kiti cha nyuma, akamweleza kila kitu akiwa amesimama mlangoni. Gail alishika mdomo, macho yakamjaa machozi. "Miezi yote hii, Ardis! Mguu, mguu! Kwa nini hukuniambia?"

"Sasa nimekuambia. Na wako mpeleke. Ni damu moja. Usicheleweshe, mpeleke wiki hii."

Siku nne alizosubiri, Ardis alijikuta akiomba dua asiyoweza kuitamka kwa sauti.

Siku ya tano Gail alikuja na Pulla, uso ukimng'aa. "Mzima! Daktari kasema moyo wake hauna hata doa!"

Ardis alijaribu kutabasamu. Uso ulikataa.

Gail alimtazama usoni. "Wewe," alisema polepole, "ulitaka awe mgonjwa."

"Acha mambo yako."

"Ulitaka! Nakujua, Ardis. Haya, shika." Akamtupia kamba ya Pulla kifuani. "Chukua mzima. Nipe huyo mgonjwa, mimi nitamlea. Si ndicho unachotaka? Tubadilishane, yaishe!"

Akainama amshike Otso. Kabla mkono haujafika, Ardis alikuwa ameshapiga magoti, amemkumbatia mbwa shingoni.

"Usimguse!" alisema. "Huyu ni wangu."

Gail aliokota kamba yake, akaondoka bila kuaga. Wiki tatu hawakusemezana, na katika mji ule mdogo hata mhudumu wa posta alijua.

Aliyevunja ukimya ni Ardis. Alikwenda na bakuli la wali wa mchele mwitu wa ziwani na uyoga, akaketi jikoni katika nyumba ya wazazi wao, akasema bila kuzunguka, "Nilitaka naye awe mgonjwa. Niliomba kabisa."

"Najua. Hata mume wangu ulimwombea hivyohivyo."

"Toba! Mume wako sikumwombea."

"Pumu yake ilitoka wapi?"

"Ile si yangu!"

Wakaangua kicheko, kisha Gail akalia kidogo, kisha wakala.

Msimu wa bata ulipofunguliwa, Gail na Pulla walikwenda. Ardis alimtembeza Otso polepole kandokando ya barabara, milio ya bunduki ikisikika kutoka ziwani. Kila mlio Otso aliinua kichwa na kuvuta kamba, na Ardis roho ilimuuma kama zamani. Aliukaza mkono, wakaendelea.

Otso ana miaka mitatu sasa. Dawa anapewa ndani ya kipande cha jibini, na sauti ya moyo wake haijazidi. Wivu nao haujamwisha Ardis. Gail akija na picha za Pulla, bata mdomoni, Ardis huzitazama zote mpaka ya mwisho, halafu husema, "Haya, umeshajivuna vya kutosha. Sasa kaa chini unywe kahawa."