Gauni la Mama Yake Baba

Nisiseme uongo: mdogo wangu nilimwonea wivu tangu alipoanza kutembea. Si kwa uzuri, maana sura tulifanana, wala si kwa akili, maana darasani nilimwacha mbali. Nilimwonea wivu kwa jina. Alirithi jina la bibi mzaa baba, na kwetu Usukumani aliyebeba jina la mtu huhesabiwa kuwa ni mtu huyo huyo. Kwa hiyo baba, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, aliamka kila asubuhi na kumsalimia mtoto wa miaka kumi, "Mwangaluka mayu." Yaani umeamkaje, mama. Nacho kitoto kile kinaitikia kwa madaha, mikono kiunoni. Kisha baba ananigeukia mimi, "Wewe, ng'ombe umewafungulia?"

Wewe! Mimi, mzaliwa wake wa kwanza.

Mwaka ninaousema, biashara ilikuwa imefunguliwa milango. Wanunuzi binafsi walikuja mpaka kijijini kwetu Nkoma kuitafuta pamba yetu, na kwenye mnada wa Bariadi mitumba ilimwagwa chini juu ya maturubai, mtu anachagua mpaka anachoka, wakati miaka michache nyuma mama alipanga foleni kutwa nzima kwa ajili ya kanga moja. Basi wiki za kabla ya Krismasi hakuna aliyekaa. Asubuhi tunapanda pamba, mchana tunasiriba kuta kwa udongo na samadi, jioni mama anatukalisha na nyungo tuchambue mawe kwenye mchele wa sikukuu. Udongo niliuchota mimi. Ukuta niliusiriba mimi, kucha zikanuka samadi wiki nzima. Mama yake baba, yaani mdogo wangu, alipewa chokaa apake maua kuzunguka mlango, kwa kidole kimoja tu, na kila aliyepita njiani alisifu maua. Ukuta hakuna aliyeuona.

Jumamosi moja baba akafunga mbuzi nyuma ya baiskeli, akaenda mnadani Bariadi. Alirudi jioni bila mbuzi, na kifurushi kwapani. Akakifungua juu ya mapaja ya mama. Loo! Gauni la rangi ya waridi iliyopauka, linateleza mkononi, lina lesi kifuani na vitepe vyembamba mabegani. Sijawahi kukitamani kitu kama nilivyolitamani gauni lile.

"La mayu hili," baba akasema. Akaniona nimesimama. "Wewe mama yako atakutafutia."

Mama akanitafutia kweli: masalio ya kitambaa chake cha mwaka juzi, akanipelekea kwa fundi. Roho iliniuma, acha tu. Siku mbili sikumsemesha mdogo wangu. Aliponiomba nimsuke, nilimsuka, na nikamvuta nywele mpaka machozi yakamtoka. Akaniuliza, "Dada, nimekukosea nini?" Nikamwambia tulia, nisije nikakosea njia.

Mama alikaa na sindano akalipunguza lile gauni, kwa kuwa lilikuwa la mtu mkubwa. Siku tatu kabla ya sikukuu akanituma nalo kwa mke wa mwalimu, ambaye peke yake pale kijijini alikuwa na pasi ya mkaa. Mke wa mwalimu alikuwa mtu wa mjini, amesoma. Alilikunjua gauni, akalitazama mbele na nyuma, akaanza kucheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mwanangu, hili ni gauni la kulalia. Wenye nalo huko Ulaya hulivaa kitandani. Kamwambie mama yako, asije akamvika mtoto kanisani." Akalipiga pasi hivyo hivyo, huku anafuta machozi ya kicheko.

Jamani, furaha niliyorudi nayo! Njia nzima nilimwona mama yake baba anaingia kanisani amevaa nguo ya kitandani, na mke wa mwalimu pale benchi la mbele amejiziba mdomo kwa kanga. Nilifika nyumbani, mama akaniuliza, "Kasemaje?"

"Kasema ni zuri," nikajibu.

Asubuhi ya Krismasi chai ya maziwa ilichemka, baba akavaa koti. Mdogo wangu akatoka chumbani na gauni lake. Hata baada ya kupunguzwa lilimpwaya: vitepe vilimwanguka begani, akavipandisha, vikaanguka tena. Akajitazama kwenye kioo cha ukutani, akanitazama mimi ndani ya masalio yangu, kisha akalivua mbele yetu wote, akabaki na shimizi.

"Linanishinda hili. Avae dada. Tangu lije nyumbani hajacheka hata siku moja."

Baba akafungua mdomo. Mdogo wangu akaweka mikono kiunoni. "Nimesema."

Baba akacheka, akainua mikono juu. "Mayu kasema. Mimi ni nani nimbishie mama?" Akaligeuza gauni upande wangu. "Vaa, mwanangu."

Mwanangu! Neno nililolisubiri miaka yote ndiyo linakuja siku hiyo. Nikasema sitaki. Mama akasema acha deko, tutachelewa. Ningeweza kuwaambia palepale, lakini swali la kwanza lingekuwa nimejua lini. Nikalivaa. Lilinikaa utadhani nilipimwa. Mdogo wangu akavaa masalio yangu, yakamfika miguuni, akafurahi nayo. Baba alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni akasema nimependeza, na njia nzima alitembea kando yangu.

Mke wa mwalimu alituona tunaingia. Hakucheka. Alinitazama kwanza mimi, akamtazama mama aliyekuwa anatabasamu, akaelewa. Alitoka benchi la mbele, akavua kanga yake akanifunika mabega na kifua chote, katika joto lile la Desemba, akaninong'oneza, "Si nilikutuma?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Wanawake wa nyuma wakanyoosha shingo, wanataka kujua kuna nini chini ya kanga. Mdogo wangu akawageukia, akaifunua kanga upande mmoja ili lesi ionekane vizuri.

"Ni zuri, eh?" akawaambia. "Mimi ndiye niliyempa."