Pikipiki ya Mzee Langat na Mama Mkwe Wangu

Nimekaa na hii aibu tangu mvua kubwa, na nimeona heri niiandike mwenyewe kwa daftari kabla watu wa Kiptere hawajaimaliza, maana kila ikipita kwa mdomo wa mtu inaongezwa kitu, na juzi nimeambiwa eti niliruka juu ya lori la majani chai. Sikuruka. Lori lilikuwa hata halijafika. Nitaandika yale niliyoyafanya mimi, yale mengine nawaachia wenye midomo, ingawa sijui kama nitaandika vizuri kwa sababu shule niliiachia darasa la saba na mahali pa kuweka nukta huwa nakisia.

Mimi ni fundi wa mbao hapa Kaplong. Wazazi wangu walitoka upande wa Kisii wakaja kuchuna chai, mimi nikashika randa. Mke wangu Chebet ni wa Kiptere, na tuna msichana wetu Moraa. Sasa, mama yake Chebet hakuwahi kunikataa (nataka niwe wa haki, hajawahi kunitolea neno baya hata moja), ila kwa miaka kumi na miwili hakuwahi pia kuniita kitu chochote. Akiongea na Chebet habari yangu anasema "huyo". Huyo amekula? Huyo anaondoka saa ngapi? Chai yangu inaletwa na mtoto, na yeye anakaa akiangalia upande wa ng'ombe. Najua hiyo nayo ni heshima, kwao na kwetu pia mtu na mama mkwe wake hawazoeani, wakikutana njiani kila mmoja anatafuta kichaka chake. Lakini kuna heshima ya joto na kuna ya baridi, na mimi nilikuwa nimekalia ile ya baridi mpaka makalio yamekufa ganzi.

Kwa hivyo siku Chebet aliponiambia, "Mama anasema mlango wa jikoni umeanguka, uende uutengeneze," nilimuuliza mara tatu.

"Amesema fundi aende, ama amesema mimi niende?"

"Amesema, 'Huyo aende.'"

Kwangu mimi hiyo ilikuwa kama barua yenye muhuri. Mafundi wako wengi Kiptere, wengine wazuri kunishinda. Ameniita mimi.

Na wiki hiyo hiyo ndiyo nilikuwa nimechukua pikipiki ya Mzee Langat. Si hizi pikipiki za boda, hapana. Hii ilitengenezwa Uingereza kabla mimi sijazaliwa, tangi lake la kijani limechorwa mstari wa dhahabu, taa kubwa kama sahani ya ugali, na injini yenye silinda moja tu, ambayo haingurumi, inagonga: tuk, tuk, tuk, kama mtu anayepigilia misumari bila haraka. Mzee Langat ni jirani yangu, ofisa wa majani chai aliyestaafu miaka mingi iliyopita, na kwa miaka minne nilikuwa naipitia ikiwa imefunikwa na gunia kwa ghala lake, nikijifanya nimeenda kuazima nyundo. Mwishowe mke wake akasema anataka hiyo nafasi aweke kuku. Nikawatengenezea kitanda na kabati ya vyombo, nikaongeza kidogo, pikipiki ikawa yangu. Siku hiyo niliipangusa mpaka Moraa akaniuliza kama inaenda kanisani.

Mzee alinifunza vizuri, na simlaumu kwa lolote. Aliniambia mambo matatu.

La kwanza: "Fundi, hii si kama zile umezoea. Gia iko mguu wa kulia, breki iko mguu wa kushoto. Mzungu aliyeitengeneza alikuwa anafikiria na mguu ule mwingine."

La pili: "Breki ya mkono ni ya kupamba tu. Usiitegemee."

La tatu, wakati nilikuwa naondoka: "Na ukienda upande wa Kiptere, pita njia ya juu."

"Kwa nini, Mzee?"

"Pita tu njia ya juu."

Halafu akaniongezea koti lake refu la mvua, rangi ya matope, na helmeti nyeupe, akasema hizo tatu zimezeeka pamoja na si vizuri kuzitenganisha.

Chebet alikuwa ametangulia kwao jana yake. Alipokuwa anaondoka alinisihi, "Panda gari kama watu wengine, Baba Moraa, tafadhali." Nikasema nitaona. Mtu akisema ataona, ujue ameshaona.

Niliondoka Kaplong jua likiwaka, sanduku la vyombo vyangu nimelifunga nyuma na mpira, na nataka kusema kwamba ile safari ilikuwa tamu. Watoto walitoka kwa maboma kuangalia. Mzee mmoja kando ya barabara alivua kofia. Nilienda polepole, na kila mara nikikaribia kona nilijikumbusha kwa sauti, "Kushoto breki, kushoto breki," na mguu ukasikia, ukatii. Nikaona nimeiva.

Basi nikafika pale njia inagawanyika. Njia ya juu ni ndefu na haina watu, ni miti ya mikaratusi tu. Njia ya chini inapita mbele ya kituo cha majani chai, na ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo Kiptere yote iko pale na magunia yake ikingoja kupimiwa. Nikafikiria maneno ya Mzee, nikajiambia bila shaka alikuwa anaogopa matope, na matope hayakuwa mengi. Huo ndio uongo nilijidanganya. Ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana. Nilitaka mtu akimbie kumwambia mama mkwe, "Yule wa Chebet amekuja na kitu!" Nikashika njia ya chini. Na hapo hapo mvua ikaanza kunyunyiza, nikasimama, nikavaa lile koti nikafunga mpaka shingoni, nikavaa na helmeti.

Kitu nilikuwa sijui (nimekuja kuambiwa baadaye, tena na watu zaidi ya kumi) ni kwamba Mzee Langat hakuwa ofisa tu vile yeye husema. Alikuwa kiboko cha Kiptere. Chai inatakiwa majani mawili na kichipukizi, laini, lakini mtu akiona gunia halijai anaongeza yale magumu ya chini, anayaficha katikati, na karani wa mizani akiwa na haraka hayaoni. Langat alikuwa anayaona. Alikuwa anatokea bila kutangaza, na koti hilo, na helmeti hiyo, anamwaga gunia lako barabarani watu wote wakiangalia, halafu anasema jina lako lote mpaka la ukoo. Watu walikuwa wamejifunza kuisikia ile tuk tuk kutoka ng'ambo ya kilima. Na wiki hiyo kulikuwa na uvumi kwamba kiwanda kimechoka na majani magumu na kitarudisha wakaguzi wa zamani.

Mimi nikatokea kileleni, tuk, tuk, tuk.

Niliona watu wote wameinama kwa magunia. Nikafikiri wanainama kwa heshima (naomba mnisamehe, lakini hivyo ndivyo nilifikiri), nikainua mkono kama chifu. Kuinua mkono kukawaharibu zaidi. Majani yakaanza kuruka, yanatupwa mtaroni kwa konzi, kama watu wanalisha kuku wa kijiji kizima, na mtu akapiga kelele, "Ni yeye! Amerudi!"

Halafu nikamwona. Mama mkwe wangu, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mtu ambaye sijawahi kumwona akitembea haraka, alichukua gunia lake, akaliweka mgongoni, akaruka mtaro akaingia kwenye majani chai.

Nikasema moyoni, ameniona, ameona haya, hiyo ni desturi. Sasa mimi kama mkwe mwenye adabu nisimame, nigeuze uso. Wazo lilikuwa zuri. Nikakanyaga breki. Nilikanyaga na mguu wa kulia, ule umezoea, na kwa nguvu zote, na kulia ilikuwa gia. Ile pikipiki ikaingia gia ya juu na kuteremka kama imefunguliwa kamba. Nikakanyaga tena. Ikaongeza. Nikavuta breki ya mkono, ikabaki inapamba.

Mbele yangu barabarani kulikuwa na karani na mizani na watu kama hamsini. Kando kulikuwa na ubao juu ya mtaro na kile kinjia wachunaji wanapitia katikati ya michai, na huko kulikuwa na mtu mmoja. Nilipiga hesabu ya haki haraka sana, hamsini huku, mmoja kule, nikakata kona.

Huyo mmoja ndiye mama mkwe.

"Mama!" nikaita. "Mama, ni mimi!" Lakini helmeti ilikuwa kubwa na imeshuka mpaka mdomoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayemsaka. Akaangalia nyuma mara moja, akaongeza mbio, na akapiga kelele ambayo ilisikika mpaka kituoni na nafikiri mpaka Soin:

"Si mimi peke yangu! Kila mtu ako nayo! Hata mzee wa kanisa ako nayo! Angalia gunia ya mzee wa kanisa!"

"Mama, ngoja!"

"Ni kidogo tu! Niliweka kidogo tu!"

Kinjia kikapinda. Yeye akapinda nacho. Mimi nikaenda moja kwa moja, pikipiki ikapanda juu ya michai, ikapasua vichaka viwili, ikapiga baruti moja, paaa! ikanyamaza. Mama aliposikia mlio huo alilala chini, na gunia likamwagika. Mimi nilibaki nimekaa juu ya mchai wa tatu, nimekalia vizuri kabisa kama nimekaribishwa kiti, koti limenifunika kichwa.

Watu walikuja wakikimbia. Nikatoa helmeti.

Mama mmoja akasema, "Woi! Kumbe ni bwana ya Chebet!" Na hapo Kiptere yote ikacheka. Wengine walikaa chini kabisa matopeni wakacheka. Mzee mmoja peke yake hakucheka, na sikuhitaji kuambiwa ndiye mzee wa kanisa.

Mama mkwe aliinuka polepole akapangusa leso yake. Hakuniangalia. Mimi pia sikumwangalia, niliangalia gunia, na hapo katikati ya majani laini kulikuwa na yale mengine, makubwa, magumu kama soli ya kiatu. Si kidogo.

Karani, kijana mmoja mpole na daftari lake kwapani, alifika akitweta. Aliangalia gunia. Aliniangalia mimi. Kazi yake ni kazi yake, simlaumu. Akauliza, "Fundi, wewe ulikuwa nyuma yake. Haya magumu yametoka kwa gunia ya mama?"

Mimi najijua, siwezi uongo, nikidanganya masikio yanakuwa mekundu na siku tatu sili. Na nilijua pia nikisema ndiyo, mwenyekiti wa akina mama ataitwa jina lake mpaka la ukoo mbele ya watu wote, na mlango wa jikoni nitautengeneza nikiwa nimesimama nje ya geti. Nikaangalia vile vichaka viwili nilivyovipasua, matawi yametapakaa kila mahali na majani yake ya zamani.

"Bwana karani," nikasema, "mimi ni fundi wa mbao. Lakini hii michai nimeivunja mimi, na majani yake magumu yamemwagika hapa chini yote. Andika ni mimi."

Huo ulikuwa ukweli nusu. Ile nusu nyingine bado inanisumbua, na naiandika hapa ili isiseme nimeisahau.

Karani akanitazama masikio, akafunga daftari. "Basi kila mtu achague majani yake upya," akasema, "kabla lori halijafika." Wote wakaenda wakachagua, na sikusikia mtu akilalamika.

Mlango niliutengeneza jioni hiyo hiyo, kiwiko kikichuruzika damu, na mwenye ile michai nilirudi kumpogolea na kumpandia miche miwili, akaridhika. Chai yangu ililetwa na Chebet, aliyekuwa amecheka mpaka hawezi kubeba kikombe sawasawa. Mama alikaa akiangalia ng'ombe. Nikarudi Kaplong nikijua nimejimaliza kabisa pale. Mzee Langat aliponiona na koti limeraruka alisema tu, "Ulipita njia ya chini."

Basi nikaweka nadhiri nisipite tena kituoni nikiiendesha. Njia ya juu ilikatwa na mvua mwezi uliofuata, kwa hivyo tukienda Kiptere nazima injini kule kileleni, navua helmeti, na naisukuma ile pikipiki kwa miguu yangu miwili mpaka nipite kituo. Ni nzito kama ng'ombe aliyekataa. Nimeapa nitaisukuma hivyo mpaka nizeeke, na bado naamini ni adhabu ya haki.

Ila Jumanne iliyopita nilikuwa naisukuma hapo mbele ya kituo, jasho linaingia machoni, watu wametulia na magunia yao, na nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka kwenye foleni. Alikuwa bado anaangalia upande mwingine, upande wa lori. Lakini alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Baba Moraa. Hiyo kitu ulinunua ikubebe, ama wewe ndio uibebe?"

Baba Moraa! Watu wakacheka, na mimi nikaangalia mtaro kama inavyotakiwa, nikajibu:

"Mama, tunapokezana."