Niliandika kwamba Salma hanufaiki na shule

Admin, nakuomba sana jina langu libaki kwako. Na hawa ninaowataja nimewabadilisha majina, maana huku Mafia tunajuana wote. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina mtoto mmoja, naishi kijiji kimoja kando ya barabara ya kwenda Utende. Kazi yangu ni kusindikiza wanafunzi wenye ulemavu. Asubuhi nawakusanya kwa bajaji inayolipiwa na serikali, nawapeleka kwenye kitengo cha elimu maalumu Kilindoni, nashinda nao, mchana nawarudisha. Walikuwa watano, wawili kati yao ndugu viziwi. Bajaji ilikuwa inakwenda mizunguko miwili, kwa sababu Salma na kiti chake cha magurudumu hawakuenea pamoja na wale wanne.

Salma ana miaka kumi na moja, ana mtindio wa ubongo, hatembei. Baba yake alikwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, akaoa hukohuko, hajarudi. Mama yake analima mwani. Alipoanza shule yule mtoto alikuwa wa kutazama dari tu. Baada ya mwaka akashika kijiko mwenyewe, akajua kusema "maji", na mimi akawa ananiita "Dada". Siku ya kijiko mwalimu wake alitoka nje kulia. Mimi nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Kwa hiyo nilichokuja kufanya sikukifanya kwa kutojua.

Mwaka jana niliitwa ofisini. Afisa ni mtu mpole, akaniambia, "Dada, fungu la usafiri limepunguzwa. Mzunguko wa pili haupo tena. Wewe ndiye unayewajua watoto, niandikie nani abaki nyumbani na sababu yake." Kisha akaniuliza mwenyewe, "Hawa ndugu wawili viziwi si wakubwa? Hawawezi kupanda gari la abiria, Salma akapata nafasi yao?"

Wanaweza. Kila Jumamosi wanakwenda Kilindoni peke yao kuuza ndimu za mama yao, wanarudi salama. Mimi nikajibu, "Hapana, hawawezi."

Nilikuwa nimechoka, jamani. Salma mzito, mgongo ulikuwa unaniuma kila siku kwa kumbeba, na haja zote zinamtoka njiani. Wiki ileile alinichafulia baibui jipya, mara ya kwanza kulivaa, watu stendi wakaziba pua na dereva akacheka. Nilikuwa na hasira na mtoto ambaye hata hajui kama amekosa. Nikachukua kalamu nikaandika: "Salma hanufaiki na masomo. Ni vyema abaki nyumbani chini ya uangalizi wa mzazi." Nikatia saini, nikatoka, nikapita sokoni kununua samaki kama siku nyingine.

Barua ya ofisi ikamfikia mama Salma, naye hajui kusoma. Mnadhani aliipeleka kwa nani? Alinikuta uani nafua. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba. Mwalimu, nisomee, wanasemaje hawa?" Mimi si mwalimu, ila yeye ndivyo anavyoniita. Kwenye barua kulikuwa na mstari unasema "kwa mujibu wa taarifa ya msindikizaji". Ule mstari niliuruka. Nikamsomea mengine yote.

Alikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni. "Hanufaiki? Na kijiko je?" Nikaikunja ile barua. "Na kijiko je, mwalimu?"

Nikamwambia hao wakubwa wa ofisini hawamjui mtoto. Akanishika mkono akaniombea dua. "Mungu akulipe. Wewe ndiye uliyempenda mwanangu." Tangu siku hiyo haipiti wiki hajaniletea muhogo au pweza, na mimi napokea.

Maji yakipwa lazima aende kwenye mwani wake, hana mtu wa kumwachia Salma. Anamfunga khanga kiunoni, ncha nyingine kwenye tendegu la kitanda, asije akatambaa hadi motoni. Nilikuwa nakwepa kwenda kwao. Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda. Kiunoni vidonda. Magoti yamekunjana hayanyooki tena, hata kwenye kiti chake hakai, na hospitali wamesema amekaa mno bila mazoezi. Nikamtia kijiko mkononi, kikaanguka. Nikamwita jina lake, akageukia ukutani. Sijui amenisahau au amenikumbuka.

Sasa kuna jirani amemwambia mama Salma kwamba mzazi anaweza kuomba uamuzi wa ofisi uangaliwe upya, na aonyeshwe taarifa iliyoandikwa juu ya mtoto. Juzi amekuja kwangu amechangamka, sijamwona hivyo siku nyingi. "Jumatatu twende wote, mwalimu. Wewe ndiye shahidi wangu. Wanitolee hiyo karatasi, nimjue aliyemwandika mwanangu hivyo." Nikasema inshallah.

Mume wangu ndiye pekee anayejua. Anasema, "Nyamaza. Ukisema, kazi huna, na kijijini hapa hatukai. Jumatatu singizia homa." Lakini nikisingizia homa mama Salma atakwenda peke yake, na karatasi iko kwenye faili kwa mwandiko wangu na saini yangu. Nimewaza pia nimtangulie, nikamwambie afisa kuwa wale ndugu wawili wanaweza kusafiri wenyewe, Salma arudishiwe nafasi. Ataniuliza kwa nini nilidanganya. Na hata akirudishiwa, yale magoti nani atayanyoosha?

Matusi yenu nitayapokea, sijaandika hapa ili nitetewe. Ila mkishanitukana nishaurini, hasa nyie mnaolea watoto kama Salma. Ningekuwa nimemfanyia haya mwanao, ungetaka nije nyumbani kwako nikwambie kwa mdomo wangu, au ungeona bora uambiwe na watu wa ofisini? Jumatatu saa moja asubuhi atanipitia. Nifanye nini?