Fundi Jumbe na Boila ya Bi Mwanaasha

"Johannesburg hii hakuna boila isiyonijua. Ikinisikia mlangoni tu, inajinyoosha."

Jumbe aliyasema hayo kwenye walima mmoja pale Mayfair, Julai 2017, mfupa wa mbuzi mkononi, sauti ameipandisha makusudi ifike upande wa wanawake. Ilifika. Huko alikaa Bi Mwanaasha na binti yake Sumaiya, ambaye Jumbe alimtaka tangu mwaka uliopita ila hajui aanzie wapi.

Kesho yake akaitwa.

Bi Mwanaasha, Mzanzibari anayeuza madira nyumbani, alikuwa amehamia nyumba ya zamani iliyojengwa na mzungu mwoga wa baridi. Jikoni kuna boila ya gesi. Inachemsha maji, maji yanazunguka kwenye rejeta za chuma ukutani, vyumba vinapata joto. Ndivyo ilivyotakiwa. Boila hii iliwaka, ikazima, ikawaka, ikazima, mchana kutwa, na baridi ya huku haina huruma na mtu.

"Itengeneze," alisema Bi Mwanaasha, aliyekwisha kuona macho ya Jumbe yanamfuata nani. "Ikitulia, lete wazee wako tuzungumze. Isipotulia, mwanangu simpi mtu wa maneno."

Jumbe akaitikia upesi. Ufundi wake wote aliupata kwenye simu, alipokuwa mlinzi Sandton, zamu zikiwa ndefu na bando likiwa la ofisi.

Alikwenda amevaa kanzu. Shikamoo, marahaba, akakalishwa sebuleni. Kwa Bi Mwanaasha hata mteja wa dira ni mgeni, na mgeni haonji chai kabla hajafukizwa. Chetezo kikaletwa, makaa mekundu, udi juu, kikawekwa kwenye kimeza chake kando ya ukuta. Jikoni boila ikazima. Moshi ulipozidi dirisha likafunguliwa. Boila ikawaka.

"Eish, pampu hiyo," Jumbe akatamka, hajainuka hata kitini.

Akabadilisha pampu. Juma lililofuata akasema ni bodi ya umeme. Kisha valvu ya gesi. Kila akija anafukizwa, anatoka ananukia kama bibi harusi, na boila iko palepale.

"Mwanangu," Bi Mwanaasha akamuuliza, "leo haijakusikia mlangoni?"

Jumbe akacheka kama mtu anayeumwa jino.

Mara ya nne aliona haya kupita mbele. Akaja bila taarifa, ovaroli mwilini, mlango wa jikoni. Sumaiya akamfungulia, mama alikuwa chumbani, wageni hakuna. Wakazungumza weee, na boila ikanguruma tu kama paka aliyeshiba.

"Mbona haizimi?" Jumbe akauliza.

"Labda imekuzoea," Sumaiya akasema.

Sauti ya kiume ikamfikia mama. "Kumbe mgeni! Jikoni! Aibu gani hii!" Akapita mbio na chetezo, Jumbe nyuma yake hadi sebuleni. Ndipo alipoona kwa mara ya kwanza: juu tu ya kimeza, ukutani, kuna kile kidude kinachopima joto la chumba na kuiamuru boila. Makaa yakakipasha, kidude kikadhani ni Zanzibar mwezi wa Februari. Boila kimya. Dirisha likafunguliwa, baridi ikakipiga. Boila ikawaka.

"Mama, ni chetezo."

"Chetezo changu kimefanya nini?"

"Ndicho kinachoizima."

"Alaa! Kwa hiyo niwapokee wakwe na harufu ya vitunguu?"

Jumbe akamwona mke anampotelea moshini. Akageuza ulimi upesi. "Hasha, mama! Chetezo kiko mahali pake. Mkosaji ni hiki kidude cha mzungu, hakijui adabu za wageni. Nakihamishia koridoni."

Akakihamisha kwa waya na skrubu. Boila ikatulia. Bi Mwanaasha akaitangazia Mayfair nzima kwamba fundi amegundua kosa la mzungu, na Jumbe hakukanusha.

"Sharp, fundi," Sumaiya akamsifu.

Wazee walipokwenda kuposa, kifungua mlango mama hakutaka pesa, alitaka udi. Tola moja, gramu kumi na mbili hivi, ilikuwa randi mia nne na hamsini, zikatoka mfukoni mwa Jumbe.